Nissan Prairie: Gari la Familia Lililowahi Kuliko Wenzake

Kabla ya mwaka 1982, Mjapani mwenye familia kubwa na kipato cha kawaida alikuwa na njia mbili. Anunue steshenwagoni, watoto wabanane nyuma, au anunue gari la mizigo lililofungwa viti. Hilo la pili lilikuwa na nafasi, lakini injini ilikaa chini ya viti vya mbele na propela ilipita chini ya bodi hadi magurudumu ya nyuma. Dereva alikalia joto, na abiria walipanda kwa kujivuta kwa sababu sakafu ilikuwa juu.

Mwaka huo Nissan ilileta Prairie. Injini iliwekwa mbele, imelazwa kwa upana, ikazungusha magurudumu ya mbele. Propela ikaondoka, na sakafu ikashuka. Hata nyuma hazikuwekwa springi za kawaida, bali vyuma vya kujisokota vilivyolala chini visile nafasi. Gari lenye urefu wa mita 4 na ushei likaweza kuwa na safu tatu za viti na kubeba watu wanane.

Ajabu yake kubwa ilikuwa milango. Ya nyuma iliteleza pande zote mbili, na katikati hapakuwa na nguzo. Milango ilijifunga kwenye paa na sakafu. Ukifungua wa mbele na wa nyuma pamoja, ubavu mzima ulibaki wazi; mzee aliingia bila kuinama sana, na mizigo ilipita bila kugeuzwa geuzwa.

Uwazi huo ulikuwa na gharama. Nguzo ndiyo hushika bodi, hivyo ilibidi chuma kiongezwe kwingine na gari likawa zito kwa injini zake ndogo. Toleo la pili, la mwaka 1988, lilirudisha nguzo lakini likabaki na milango ya kuteleza.

Wengine hawakukawia. Mitsubishi, iliyokuwa imeonyesha gari la majaribio la aina hiyo Tokyo mwaka 1979, ilitoa Chariot mapema 1983. Chrysler ya Marekani ilifuata mwishoni mwa mwaka huo, na Renault Espace ya Ufaransa mwaka 1984. Hao wawili wa mwisho ndio waliovuna sifa.

Sisi tunaopanda Toyota Noah kila siku Afrika Mashariki tuna sababu ya kuijua historia hii. Noah za kwanza, za mwaka 1996, bado zilikuwa na injini chini ya viti vya mbele na zilisukumwa na magurudumu ya nyuma. Mwaka 2001 ndipo injini ilipohamia mbele, ikavuta magurudumu ya mbele, na sakafu ikashuka. Prairie ilikuwa imefika hapo miaka 19 kabla.

Kwa hiyo anayesimulia chimbuko la magari ya familia ya miaka ya 1980 asianzie Marekani wala Ufaransa. Haki ni Prairie itajwe kwanza.