60 kwa 40, na ile namba ya tatu

Yeyote kati yetu aliyelelewa na wazazi wa Burundi amesikia "60 kwa 40". Wazee wanaitaja kama bei ya chumvi: kila mtu anaijua, hakuna anayekaa chini kukueleza imefikaje hapo. Wiki hii tulichukua kalamu na karatasi tukaifuata tangu mwanzo. Kumbe kuna namba ya tatu inayokaa kimya pembeni ya hizo mbili, na hiyo ndiyo ilikuwa inafanya kazi.

Tutaandika Wahutu, Watutsi na Watwa kama sheria ilivyoandika. Tunajua ni maneno yanayouma. Kwenye kikundi chetu tuko mchanganyiko, pamoja na ndugu zetu Wakongo, na tulikubaliana kuyasema wazi kwa sababu bila hayo hesabu yenyewe haieleweki.

Twende 1993. Tarehe 1 Juni, Melchior Ndadaye wa FRODEBU alishinda urais kwa karibu asilimia 65 ya kura. Mwisho wa mwezi ule ukaja uchaguzi wa wabunge. FRODEBU ilipata takriban asilimia 71 ya kura lakini ikachukua viti 65 kati ya 81, yaani asilimia 80. UPRONA, iliyotawala peke yake kwa miaka mingi, ikabaki na 16. Kura zilihesabiwa, hakuna shida hapo. Shida ni kwamba kwa idadi ile, wale 16 wangeweza kubaki nyumbani na sheria zingepita vilevile. Ndadaye mwenyewe ni kama aliliona hilo, maana alimteua Sylvie Kinigi, Mtutsi wa UPRONA, kuwa waziri mkuu. Lakini ile ilikuwa hiari yake tu. Tarehe 21 Oktoba mwaka uleule aliuawa na wanajeshi. Yaliyofuata wengi wetu tumeyasikia usiku, kwa sauti ya chini, kutoka kwa bibi na babu.

Mazungumzo ya Arusha yalianza Juni 1998, Mwalimu Nyerere akiwa msuluhishi. Alifariki Oktoba 1999, akachukua Mandela, na Mkataba ukasainiwa tarehe 28 Agosti 2000. Pande zilikuwa 19 mezani, na vikundi vikubwa vya waasi havikuwemo. Hebu fikiria swali lililokuwa mbele yao. Makadirio yanayotajwa kila mara, na ni ya zamani sana, ni Wahutu asilimia 85, Watutsi 14, Watwa 1. Ukisema kila mtu na kura yake, mwingi ndiye mshindi, basi 14 wanaona wamemezwa milele. Ukisema tugawane nusu kwa nusu, 85 watakuuliza tangu lini 85 ikawa sawa na 14. Pande zote mbili zilikuwa na makaburi ya kuonyesha. Hiyo si hoja unayoishinda kwa maneno mazuri.

Basi wakaanza kugawa, kila kitu kwa namna yake. Jeshi: kabila moja lisizidi nusu. Seneti: nusu kwa nusu. Viongozi wa komine: kabila moja lisizidi asilimia 67. Na urais, ambao huwezi kuukata vipande? Walikata muda. Kipindi cha mpito cha miezi 36 kiligawanywa 18 kwa 18, Pierre Buyoya akaanza, Domitien Ndayizeye akafuata. Mtu yeyote aliyewahi kugawana baiskeli moja na kaka yake anajua tatizo la mpango huu: wa kwanza akishaipanda, atashuka? Buyoya alishuka. Tarehe 30 Aprili 2003 alikabidhi, na sisi tunadhani siku ile inastahili kukumbukwa zaidi ya inavyokumbukwa.

Hapa tuwarekebishe wazee kwa heshima. Ile 60 kwa 40 ya Bunge haikusainiwa Arusha. Ilikubaliwa Pretoria, Agosti 2004, na baadhi ya vyama, UPRONA kikiwemo, vilikataa kusaini. Iliingia kwenye Katiba iliyopigiwa kura ya maoni tarehe 28 Februari 2005: Bunge liwe na Wahutu asilimia 60, Watutsi 40, Watwa watatu juu yake, na wanawake wasiopungua asilimia 30. Kwenye orodha ya kila chama, katika kila majina matatu yanayofuatana, mawili tu yangeweza kuwa ya kabila moja. Uchaguzi ukishaleta wabunge 100, wengine wanaongezwa kwa uteuzi mpaka uwiano utimie.

Sasa namba ya tatu. Katiba ile ilisema sheria ipite kwa thuluthi mbili za wabunge, asilimia 66.7. Weka hiyo pembeni ya 60 uone. Wahutu wote wakiungana hawafiki 66.7, wanahitaji angalau Watutsi kadhaa. Watutsi wote wakikataa, 40 inatosha kuzuia, kwa sababu yeyote aliye na zaidi ya theluthi moja ana breki mkononi. Kwa hiyo arobaini peke yake haikuwa ulinzi. Ulinzi ulikuwa arobaini pamoja na thuluthi mbili.

Na ukishaona hivyo unaona la pili, ambalo dada zetu kwenye kikundi walilishika kabla ya wengine. Wanawake walipewa 30. Thelathini iko chini ya theluthi. Wanaume 70 wanaweza kupitisha sheria yoyote bila mkono wa mwanamke hata mmoja kuinuka. Tofauti ya 30 na 34 ni viti vinne tu katika mia, lakini upande mmoja una breki na mwingine una viti. Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, mnapotuambia kamati ya kambi imetengewa viti vya vijana, swali letu linalofuata huwa ni uamuzi unapita kwa kura ngapi.

Jambo hili limekamata watu wakubwa zaidi yetu. Mwaka 1958 nchi sita za Ulaya zilianza kupiga kura pamoja katika Jumuiya yao. Ujerumani Magharibi, Ufaransa na Italia zilipewa kura 4 kila moja, Ubelgiji na Uholanzi 2 kila moja, Luxembourg 1. Jumla 17. Pendekezo lililoletwa na Tume ya Jumuiya lilihitaji kura 12 lipite. Haya, jaribu kutafuta siku ambayo kura ya Luxembourg ingebadilisha matokeo. Ingebidi wengine wawe na 11 kamili, ili yeye aongeze ya kumi na mbili. Lakini wengine wote wana 4 au 2, namba shufwa, na ukijumlisha namba shufwa hupati 11 hata ukeshe. Luxembourg ilikuwa na bendera, kiti, balozi na kura, na kwa mapendekezo yale kura yake ilikuwa sawa na hewa. Mgawo huo ulidumu mpaka wanachama wapya walipoingia mwaka 1973.

Mwanasheria wa Marekani, John Banzhaf, aliandika kuhusu ugonjwa huuhuu mwaka 1965. Aliangalia baraza la Nassau, kaunti iliyo karibu na jiji la New York, ambako wajumbe sita walikuwa na kura 31, 31, 28, 21, 2 na 2, na uamuzi ulihitaji 58. Wawili wowote kati ya wale watatu wa juu wanatosha. Mwenye 21 hawezi kuokoa wala kuangusha kitu: 31 na 21 na 2 na 2 ni 56. Njia ya Banzhaf ni rahisi kiasi kwamba unaweza kuifanya kwenye vumbi kwa kijiti. Usihesabu mtu ana kura ngapi. Andika miungano yote inayowezekana, halafu hesabu ni mara ngapi mtu huyo akiondoka ushindi unakuwa kushindwa.

Tukaichukua njia hiyo tukarudi nayo nyumbani, kwenye Bunge la 2005. CNDD-FDD viti 64, FRODEBU 30, UPRONA 15, CNDD 4, MRC 2, Watwa 3. Jumla 118, na thuluthi mbili ni 79. Tuchukulie wote wapo na kila chama kinapiga kura pamoja. CNDD-FDD bila wengine haifiki, na wengine wote bila yeye ni 54 tu, kwa hiyo yeye ni lazima awepo. Akiongeza FRODEBU anapata 94. Akiongeza UPRONA anapata 79. Sabini na tisa kamili! Tulihesabu mara tatu. Akiongeza CNDD, MRC na Watwa wote kwa pamoja anapata 73, haitoshi. Maana yake FRODEBU yenye 30 na UPRONA yenye 15 zilikuwa na nguvu sawasawa, na wale tisa wa mwisho walikuwa Luxembourg. Watwa walipewa viti vitatu kwa mara ya kwanza kwa nguvu ya Katiba, jambo la heshima kubwa, na kwa hesabu hii havikuweza kugeuza sheria hata moja. Mtu wa kwetu mwenye asili hiyo alisoma karatasi yetu akasema, "Angalau sasa wanatuona." Tumeiacha kauli yake ilivyo.

Bila shaka vyama havikai kama mawe. Chama tawala chenyewe kilipasuka mwaka 2007, Bunge likakwama, na mwaka 2008 wabunge 22 walivuliwa viti baada ya uamuzi wa mahakama ya katiba. Na kuna jambo ambalo waliokaa Pretoria walilijua fika: zile orodha za majina matatu matatu ziliingiza Watutsi ndani ya vyama vyenye Wahutu wengi. Kwa hiyo breki ya kabila ikaanza kuhama, ikawa breki ya chama.

Mwaka 2010 wapinzani wengi walisusia uchaguzi wa wabunge. CNDD-FDD ikapata 81 kati ya 106. Thuluthi mbili hapo ni 71. Fanya ya Banzhaf: mmoja ana nguvu yote, wengine wote sifuri. Uwiano wa 60 kwa 40 ulitimizwa vizuri kabisa mwaka ule.

Kilichobaki ni kizingiti cha juu zaidi. Kubadilisha Katiba kulihitaji sehemu nne kati ya tano za wabunge, na kwa 106 hiyo ni 85. Tarehe 21 Machi 2014 pendekezo la kuibadilisha Katiba lililetwa Bungeni. Lilipata kura 84.

Kura moja. Tunapoisimulia kwa wadogo zetu huwa wanadhani tunawatania. Chama kilikuwa na 81 na kiti cha mbunge mmoja, mtu mmoja aliyeamka asubuhi akavaa viatu akaenda kazini, kilitosha kuzuia. Kati ya mambo yaliyokuwa yakibishaniwa ilikuwa mihula ya rais. Mwaka uliofuata, Aprili 2015, ubishi uleule ulihamia barabarani na mahakamani, na baadhi yetu tukavuka mpaka tukiwa watoto, wengine migongoni. Hatusemi kura ile ndiyo sababu ya sisi kuwa hapa. Tunasema tu kwamba siku ile kizingiti kilishika, na aliyetaka kupita alitafuta njia nyingine.

Tarehe 17 Mei 2018 ikapigwa kura ya maoni, Katiba mpya ikaja. Watu wengi, hata waandishi wa habari, waliuliza kama 60 kwa 40 imeondolewa. Haikuondolewa. Wahutu 60, Watutsi 40, wanawake 30, Watwa watatu, yote yamebaki. Kilichobadilika ni ile namba ya tatu: sheria za kawaida sasa zinapita kwa zaidi ya nusu. Weka 50 pembeni ya 60 kama tulivyofanya mwanzo na utajua arobaini inaweza kuzuia nini.

Mmoja wetu alipinga hapa, na ana haki. Alisema hata kizingiti cha zamani kisingesaidia, tuangalie 2020. Tukaangalia: CNDD-FDD viti 86 kati ya 123. Thuluthi mbili za 123 ni 82. Kweli, wangevuka kwa vyovyote. CNL ilipata 32, chama cha pili kwa ukubwa, na kwa sheria mpya au ya zamani hesabu yake ya Banzhaf inatoka sifuri.

Juni 2025 chama hichohicho kilichukua viti vyote 100 vya kuchaguliwa. Uwiano wa makabila ulibaki sheria, na orodha bado zilipangwa kuufuata. Sitini na arobaini wamo, wamekaa upande mmoja.