Pete ya Mbayuwayu

Yapata mwezi wa Septemba mbayuwayu huanza kuonekana katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki, akikata hewa juu ya mashamba na kunyakua wadudu, nasi twamtazama bila kuuliza ametoka wapi. Mgongo wake ni mweusi wenye kumeta buluu, paji la uso na koo ni rangi ya hudhurungi, tumbo jeupe-jeupe, na mkia una panda zenye ncha mbili ndefu. Uzito wake ni kama gramu 20 tu. Hata mwezi wa Aprili ukipita, hatumwoni tena.

Watu wa Ulaya walimjua kwa upande wa pili. Huko hujenga kiota chake cha udongo katika mabanda ya ng'ombe wakati wa joto, kisha baridi ikikaribia hutoweka. Aenda wapi? Aristotle, Myunani wa kale, alinena kwamba baadhi yao hujificha mashimoni wakiwa wamenyonyoka manyoya. Mwaka 1555 Olaus Magnus wa Sweden aliandika kwamba huzama maziwani, na wavuvi huwavua kwa nyavu wameshikamana fundo moja. Tusiwacheke upesi. Kusadiki kwamba kidege chepesi kuliko yai la kuku huvuka jangwa la Sahara si jambo rahisi, hata kwetu sisi.

Maneno hayakutosha, ilitakiwa alama. Mwaka 1899 Hans Christian Cornelius Mortensen, mwalimu wa shule mjini Viborg, Denmark, aliwavisha kwezi pete nyepesi za alumini zilizoandikwa namba na anwani. Mwaka 1909 Harry Witherby akaanzisha kazi kama hiyo Uingereza.

Basi, tarehe 6 Mei 1911, John Masefield (si yule mshairi) alimvisha mbayuwayu mmoja pete nyumbani kwake Staffordshire. Tarehe 23 Desemba 1912 mbayuwayu alikamatwa ndani ya nyumba ya shamba moja karibu na mji wa Utrecht, Natal, Afrika ya Kusini. Mguuni mwake ilisomeka namba B830, na barua ikapelekwa London. Mwendo huo ni yapata maili 6,000. Tena tuhesabu: kati ya tarehe hizo mbili baridi ya mwaka 1911 ilikuwa imepita, na Uingereza wakati huo hakuna wadudu wa kumlisha. Bila shaka njia ile hakuipita mara moja tu.

Pete zilizofuata zimeonyesha kwamba mbayuwayu wa Uingereza hupitia Ufaransa na Moroko, kisha huingia Sahara, ambako wengi hufa kwa njaa na dhoruba. Wanaopona hurudi kaskazini kila mwaka, na aghalabu dume hulitafuta banda lile lile alilojenga mwaka uliopita.