Kwa nini saiti zetu zilikaa Texas: historia fupi ya seva na wapangaji wake

Nilipotea kidogo, mambo ya testi, si mnajua tena. Leo nina kitu kirefu, kwa hiyo wale wanaosubiri soga za hosteli wavumilie mpaka Ijumaa.

Juzi kwenye kundi letu la darasa mtu aliuliza: saiti ya Mbongo, inayosomwa na Wabongo, inakaaje Marekani? Majibu yakamiminika. Mmoja akasema sisi wavivu, mwingine eti hatuna mashine, wa tatu akasema ni ushamba tu. Mimi nimeona hakuna aliyegusa lenyewe. Jibu liko kwenye historia, na ni historia ya juzi tu, wazazi wetu wameiona kwa macho.

Kwanza tuelewane seva ni nini. Ni kompyuta tu, ila haizimwi. Imekaa mahali penye umeme wa uhakika, jenereta nyuma, baridi ya kutosha na laini nzuri ya intaneti, inasubiri mtu agonge mlango ili impe ukurasa. Kuhosti ni kuipangia saiti yako makazi kwenye kompyuta ya namna hiyo. Na kwa sababu wengi wetu tumekulia Tandika, Mbagala, Manzese na Kinondoni kwa Manyanya, mfano tunao mlangoni: nyumba ya kupanga ya Uswahilini.

Ile nyumba ya korido katikati, vyumba sita, choo cha uani, luku moja. Hiyo ndiyo hosting ya bei rahisi. Seva moja, saiti mia na ushee ndani yake, kila mmoja na chumba chake, lakini umeme ni wa wote. Jirani akileta friji na jiko la umeme, yuniti zinaisha nawe unalala giza. Kwenye seva ni hivyo hivyo: saiti ya jirani ikipata wageni wengi, ya kwako inakokota. Na anwani ya nyumba ni moja. Jirani akituma barua pepe za kitapeli, barua zako nazo zinakataliwa huko ziendako, maana zinaonekana zimetoka nyumba ile ile ya wahuni.

Seva ya peke yako ni nyumba nzima ndani ya fensi. Luku yako, choo chako, geti lako. Katikati kuna kile chumba selfu chenye submita: nyumba ni ya wengi lakini umeme wako umepimiwa kando, wataalamu wanaita VPS. Tena kuna anayenunua mashine yake mwenyewe akaenda kulipia nafasi tu, kama mtu mwenye kontena la duka anayekodi kiwanja cha kuliweka. Ukichukua nyumba nzima jua kitu kimoja: unalipa kodi yote hata kama unatumia chumba kimoja, na paa likivuja ni juu yako kupanda. Programu za ulinzi usipozisasisha, hakuna baba mwenye nyumba wa kuja kukukumbusha.

Haya, tuingie kwenye historia.

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, aina ya ICT 1500. Mambo ya hesabu za serikali hayakwenda vizuri, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku! Ilikuja kulegezwa baadaye, lakini hebu fikiria: wenzetu wanajenga mitandao, sisi kompyuta ni bidhaa ya kuombea kibali. Kwa hiyo intaneti ya biashara ilipofika katikati ya miaka ya 1990, na kampuni kama CyberTwiga, haikukuta watu waliokuwa wamezoea kuziendesha mashine kwa wingi. Hilo la kwanza.

La pili ndilo kubwa zaidi, na ndilo lililonifanya niandike. Njia ya kutoka nje ilikuwa setilaiti. Hakuna waya wowote chini ya bahari uliotuunganisha na intaneti ya dunia mpaka 2009. Setilaiti hizo zinakaa juu ya ikweta, umbali wa kilomita kama 36,000. Ombi lako linapanda na kushuka, jibu linapanda na kushuka, jumla kilomita 144,000, karibu nusu sekunde hata kwa mwendo wa mwanga. Na megabiti moja kwa mwezi ilikuwa inalipiwa kwa maelfu ya dola.

Sasa utasema, basi si ndiyo sababu ya kuweka seva hapa hapa Dar, ili msomaji wa Dar asipande angani? Hapo ndipo penye utamu. Kabla ya 2004, kampuni za intaneti za Dar zilikuwa hazina mahali pamoja pa kukutana. Kila moja na dishi lake, kila moja na mwenyeji wake Ulaya au Marekani. Chukua saiti iliyo kwenye seva ya kampuni A pale Kijitonyama, na msomaji wa Temeke anayetumia kampuni B. Kati yao ni kilomita kumi na kitu, daladala moja au mbili. Lakini ombi lilipanda angani, likashuka ng'ambo, likavuka kwenda kwa mwenyeji wa kampuni nyingine, likapanda tena, likashuka Kijitonyama. Jibu likarudi njia ile ile. Nimepiga hesabu: mara nane kilomita 36,000 ni 288,000, robo tatu ya safari ya kwenda mwezini, ili mtu wa Temeke asome habari iliyo Kijitonyama!

Kwa hali hiyo, mwenye akili timamu alikuwa anaweka saiti Marekani. Msomaji wa Temeke alipanda angani mara moja badala ya mbili, bei ilikuwa ndogo, na umeme wa huko haukujua mgao. Mnaokumbuka mgao wa 2006, au mliosimuliwa, mnajua nasema nini. Seva ya Dar wakati ule ilikuwa ni jenereta na dizeli kwanza, kompyuta baadaye.

Dawa ya ile safari ya mwezini ilikuwa ndogo kuliko mnavyodhani: chumba kimoja na kifaa cha kuunganishia, kampuni zote zinaleta waya wake, zinabadilishana mizigo ya ndani humo humo. Kenya walijaribu kwanza Novemba 2000, kituo chao kinaitwa KIXP. Telkom Kenya, iliyokuwa na hodhi ya njia za nje, ikalalamika, na mdhibiti akakifunga kabla hata mwaka haujaisha. Kikafunguliwa tena Februari 2002. Sisi tukapata chetu, TIX, mwaka 2004, chini ya umoja wa watoa huduma za intaneti, TISPA. Sijui kwa nini jambo hili halifundishwi kwa kelele zaidi. Kwa mtu wa Temeke, ile 2004 ni tarehe kubwa kuliko tarehe nyingi za kukata utepe.

Lakini desturi ilikuwa imeshakomaa. Watu wameshazoea Texas, na hapo ndipo walipoingia wajanja wa katikati. Mjomba wangu alikuwa na kafe ya intaneti Temeke miaka hiyo, kompyuta nane na feni mbili. Alitengeneza saiti ya ligi ya mchangani ya mtaani kwao: matokeo, wafungaji, picha za timu zikiwa zimepiga magoti. Aliyemuuzia nafasi alikuwa jamaa mmoja wa mjini, simtaji, ambaye alikuwa amekodi seva nzima Marekani na kuigawa vyumba vyumba kwa wateja wa Dar. Yaani mpangaji anayepangisha. Wateja walikuwa wanalipa shilingi, kwa wakati, na risiti za mkono. Mwaka 2007 jamaa akaacha kulipa dola zake kule. Mwenye nyumba wa Marekani hakuwajua wapangaji wa ndani, yeye anamjua mtu mmoja tu. Akafuta mashine.

Nilimuuliza mjomba kama hakuwa na nakala. "Mpwa wangu," akasema, "nakala ya nini, wakati niliambiwa iko Marekani?" Ukurasa wa mbele bado upo kwenye hifadhi ya Internet Archive kule San Francisco, wenye orodha ya wafungaji. Picha hazifunguki. Wawili kati ya wale waliopiga magoti wameshatangulia mbele ya haki, na familia zao huwa wanamuuliza mjomba zile picha mpaka leo.

Tena msidhani seva ya peke yako ingemwokoa lazima. Tarehe 31 Mei 2008 kulitokea mlipuko wa umeme kwenye kituo cha kampuni ya The Planet, Houston, na seva kama 9,000 zikazimika. Hawa walikuwa na nyumba nzima nzima, wanalipa wenyewe moja kwa moja, na bado walikaa siku bila saiti.

Wengine walikwepa kodi kabisa. Michuzi alipoanzisha libeneke lake Septemba 2005, akiwa Helsinki, alilianzisha Blogspot, bure, kwenye mashine za Google. Mtu aliyesomwa na Watanzania dunia nzima hakuwa na haja ya kumiliki hata chumba. Jambo Forums ya 2006, iliyokuja kuwa JamiiForums 2008, ilikwenda njia nyingine na ikaonja uzito wake. Februari 2008 waendeshaji wake walikamatwa, kompyuta zikachukuliwa, na jukwaa likawa kimya siku kadhaa. Desemba 2016 Maxence Melo akakamatwa tena, na moja ya mashtaka lilikuwa kuendesha domaini isiyosajiliwa Tanzania, yaani isiyo ya .tz. Tazameni hapo: shtaka lilihusu jina lililoandikwa getini, halikuuliza nyumba iko wapi. Jina linaweza kuwa .co.tz na mashine iko Ujerumani, na kinyume chake.

Halafu zikaja nyaya. SEACOM iliwashwa 23 Julai 2009, EASSy ikafuata 2010, na mkongo wa Taifa ukaanza kutandazwa mikoani. Tulitegemea seva zirudi nyumbani. Zikabaki huko huko! Ukifikiri utaona ilikuwa lazima: mkongo uliifanya Dar iwe karibu na Ulaya, kwa hiyo kero ya kukaa mbali ikapungua, na bei ya wenzetu wenye mamia ya maelfu ya mashine hatuwezi kuishindania. Serikali ikajenga kituo cha Taifa cha data pale pale Kijitonyama, nacho kiko chini ya TTCL, lakini blogu za wanafunzi na saiti za maduka ya Kariakoo nyingi ziliendelea na kadi ya dola.

Mpaka Jumapili ya 12 Mei 2024. Nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania tukawa miongoni mwa walioumia zaidi. Siku hiyo umbali ulirudi. Kilichokuwa nje kilikwama au kilikokota. Kilichokuwa kwenye seva ya hapa na kupita TIX hakikuwa na haja ya bahari. Ila nimekuja kuchungulia saiti kadhaa za hapa nikaona mashine iko Dar, lakini ukurasa wenyewe unaita herufi, ramani na vitufe vyake kutoka Marekani, kwa hiyo nao ungefunguka nusu nusu.

Hilo ndilo nataka kulifuatilia sasa, kwa hiyo naomba msaada. Waliokuwa Mbagala, Kigamboni, Gongo la Mboto, Tegeta na kwingineko: Jumapili ile ni saiti gani ilikufungukia, na ulikuwa unatumia laini ya kampuni gani? Niandikieni hata kama ni moja tu. Mjomba yeye anasema yake haikufunguka tangu 2007, kwa hiyo tusimhesabu.