Mbuni wa Msituni na Udugu wa Buhaya

Leo tutasoma habari za mbuni. Simsemi yule ndege mkubwa asiyeruka. Nausema mti mdogo uzaao buni, ndiyo kahawa. Wengi wenu hudhani kahawa yote ya Bukoba ililetwa na Wazungu. Arabika ndiyo ilitoka nje, lakini robusta ni mwenyeji wa nchi hizi.

Kwao ni misitu yenye mvua nyingi, tangu Afrika Magharibi, kupita Kongo, hata Uganda. Katika msitu wa Kibale mibuni humea yenyewe kivulini, chini ya miti mirefu, na usipopogolewa mbuni huweza kufika meta 10. Tena maua yake hayazai kwa chavua ya mti uleule. Lazima apatikane jirani.

Wahaya waliupanda migombani, kibanjani, zamani sana kabla Emin Pasha hajajenga boma la Bukoba mwaka 1890. Hawakuinywa. Waliichemsha buni pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakaianika juani, wakaitafuna. Mgeni alipoingia nyumbani alipewa buni kwanza. Na watu wawili waliotaka kuwa ndugu walichanjana tumboni, wakapaka damu kwenye buni, kila mmoja akaila ya mwenziwe. Pasua tunda moja utazame: mbegu mbili zimelala zikielekeana. Mzee wa Kihaya hakuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Mti kama huo haukupandwa ovyo; Bakama, yaani wafalme, walikuwa na amri juu yake. Wajerumani, kisha Waingereza, wakaufanya zao la fedha. Mwaka 1937 Serikali ilipoleta kanuni za kutunza kahawa, wakulima walizikataa, kukawa na ghasia. Ulikuwa mti wao, wakaona wanafundishwa kumlea mtoto waliyemzaa. Mwaka 1950 wakapata chama chao kikuu cha ushirika.

Halafu likaja pigo. Ugonjwa wa mnyauko ulionekana Uganda mwaka 1993, na Kagera mwaka 1997. Mkulima alikuta majani yamelegea, na baada ya muda mti wa babu yake umekufa. Dawa haikuwapo, aliung'oa akauchoma palepale. Watafiti wa Uganda wakapita mashambani wakitafuta mibuni iliyosalia hai katikati ya ile iliyokufa, wakaichukua, na kutoka humo zikapatikana aina zinazostahimili mnyauko.