Kinu Kiliposimama

Twamfahamu Charles Spurgeon kwa mahubiri yake. Usiku wake wa tarehe 19 Oktoba 1856 wengi wetu hatuufahamu. Alikuwa na miaka 22. Katika ukumbi wa Surrey Gardens, London, uliofurika maelfu ya watu, ulipigwa ukelele wa uongo kwamba kuna moto. Watu wakakanyagana, 7 wakafa. Magazeti yakamlaumu, naye akajilaumu kuliko magazeti. Wazo lile lile likazunguka moyoni mwake kama ngamia wa kinu.

Wenzake walimpeleka Croydon, nyumbani kwa rafiki, atulie. (Sisi tungemwambia, “Jikaze, mchungaji!”) Siku moja akitembea bustanini alisimama ghafula: yalimjia maneno ya Wafilipi sura ya 2, jinsi Mungu alivyomtukuza Kristo. Akaona kwamba jina lake mwenyewe laweza kuchafuka, lakini la Kristo halikuanguka na msiba ule. Kinu kikasimama.

Tarehe 2 Novemba akahubiri tena. Huzuni ilimrudia mara nyingi hata alipofariki mwaka 1892, wala hakuwaficha washirika wake.