Kalamu na Mwaka wa Maradhi katika Nchi ya Mara

Mtunzi wa riwaya atakaye kuandika habari za mwaka wa maradhi hupatwa na shida ambayo haimsumbui sana mwandishi wa historia. Huyu wa pili aweza kuridhika na tarehe na idadi ya waliokufa. Mtunzi hutaka zaidi: watu walikula nini jioni, nani alilala wapi, salamu zilitolewa namna gani pale mkono ulipoogopwa, na binti aliyekwisha kuposwa alingoja hata lini. Mambo hayo madogo ndiyo ya kwanza kusahauliwa.

Nchi ambayo leo ni wilaya za Tarime na Serengeti iliipata miaka ya namna hiyo kuelekea mwisho wa karne ya 19. Sotoka iliingia Afrika Mashariki yapata mwaka 1890, na kwa muda mfupi iliua sehemu kubwa ya ng'ombe, pamoja na nyati na nyumbu wa porini. Kwa wanadamu ikaja ndui, ikaja na njaa. Oscar Baumann, msafiri wa Austria, alipita Ngorongoro na nyika za Serengeti mwaka 1892 akielekea Ziwa Viktoria, akaona Wamasai waliokonda kupita kiasi, wakila hata ngozi na mifupa. Twamshukuru kwa kuandika. Lakini Baumann alikuwa mpita njia mwenye bunduki na wapagazi. Aliwaona waliokuja kambini kuomba, na waliobaki nyumbani hakuwaona.

Waliobaki nyumbani waliihifadhi habari yao kwa njia nyingine: waliipa jina. Watu wa magharibi ya Serengeti, miongoni mwao Waikoma, Wanata na Waishenyi, huukumbuka wakati mmoja wa taabu hizo, yapata mwaka 1894, kuwa ni Njaa ya Miguu. Watu walitembea hadi Usukuma kutafuta chakula, na wazee wamesimulia kwamba wako waliowaacha watoto wao huko kwa wenye nafaka, ili wapate cha kurudi nacho. Kwangu mimi jina hilo fupi lina riwaya nzima ndani yake. Nani alitangulia njiani, na nani alibaki nyuma? Mama alimwambia nini mtoto usiku wa mwisho, ikiwa alimwambia neno? Hapo ndipo kalamu hupasa kutua kitambo, maana hakuna hesabu itakayoisaidia. Waliorudi walijipatia mifugo tena kidogo kidogo, kwa kuwauzia Wasukuma mazao ya mawindo, hata mikia ya nyumbu.

Kwa Wakuria wa Tarime mahari ni ng'ombe, tena si wachache. Msomaji na afikiri zizi lililo tupu, na kijana aliyekwisha kutahiriwa na kuingia katika rika lake: ataoa kwa nini? Nadhani mabaraza ya miaka ile yalilijadili swali hili kuliko yalivyokijadili kifo chenyewe, maana aliyekufa huzikwa, lakini aliye hai hudai mke.

Watu na mifugo walipopungua, vichaka viliota palipolimwa na kulishwa, na mbung'o wakafuata. Wazungu waliokuja baadaye walidhani nchi ilikuwa tupu tangu kuumbwa, na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilipoanzishwa mwaka 1951 dhana hiyo ilikuwa imekwisha kuota mizizi.

Je, yawezekana kuandika riwaya ya siku ambazo mtunzi hakuziona? Daniel Defoe alikuwa mtoto mdogo tauni ilipoipiga London mwaka 1665, lakini kitabu chake juu ya mwaka ule kilitoka mwaka 1722. Karibu nasi zaidi yuko Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyeandika kwa Kikerewe, akamaliza mwaka 1945, juu ya maisha ya kabla ya wageni: kulima, kuuguza, kupika pombe, kudai mke. Kitabu chake, alichokitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kilichapishwa mwaka 1980. Kitereza hakuona aibu kueleza jambo dogo kwa kurasa nyingi. Wako wasomaji waliomwona mzito; mimi naona hilo ndilo lililo hazina katika kitabu chake.

Wakati wetu nao umepata maradhi yake. Korona ilithibitishwa Tanzania Machi 2020, shule zikafungwa mwezi huo huo. Hesabu zilipofikia wagonjwa 509 na waliokufa 21, zilikoma kutangazwa kwa zaidi ya mwaka. Katikati ya Mei Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania, isipokuwa kwa mizigo. Sirari, wilayani Tarime, inatazamana na Isebania ya Kenya, na Wakuria wako pande zote mbili za mstari huo uliochorwa na wakoloni. Watalii walioingia nchini, waliozidi 1,500,000 mwaka 2019, walipungua hata kufikia kiasi cha 620,000 mwaka 2020, na Mugumu, mji ulio karibu na hifadhi, haukuweza kukosa kuliona pengo hilo.

Wanafunzi waliorudishwa nyumbani Machi ile wamekuwa watu wazima, na baadhi yao wamo katika vyuo vyetu. Wanakumbuka ndoo ya maji iliyowekwa mlangoni, harufu ya majani ya kujifukizia, barakoa zilizoshonwa na fundi wa mtaani, na matanga yaliyohudhuriwa na wachache. Wana kalamu, na waliowalea wangali hai wa kuulizwa.