Alice Springs: Waya Kwanza, Nyumba Baadaye

Katikati kabisa ya Australia, safu ya milima ya MacDonnell imekatika mahali pamoja pembamba, na mto, reli na barabara kuu vyote vinapenya hapohapo. Wazungu waliuita mwanya huo Heavitree Gap. Waarrernte, wenye nchi, huuita Ntaripe, na kwa desturi yao haukuwa mahali pa kupita ovyo. Kaskazini ya mwanya huo ndipo ulipo mji wa Alice Springs, wenye watu wapatao 25,000. Adelaide, upande wa kusini, ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa barabara. Darwin, upande wa kaskazini, ni karibu umbali huohuo. Kati ya miji hiyo ni nyika nyekundu, mbuga za ng'ombe, vituo vya mafuta na miji michache midogo.

Mtu akiutazama mji huo kwenye ramani atajiuliza kwa nini upo hapo. Hapana bandari wala mgodi mkubwa, na mto wake, Todd, hukaa mkavu karibu mwaka mzima, maji yakipita juu ya mchanga mara chache tu mvua kubwa inaponyesha. Jibu limo katika mambo yaliyoletwa hapo moja baada ya jingine: waya, reli, barabara, kituo cha kijeshi. Kila kimoja kililetwa kwa haja ya watu walio mbali, na mji ukakua pembeni yake. Nyumba za watu waliokuwapo tangu zamani zilikuja mwisho, na hadi leo hazijatosha.

Waya ndio uliotangulia. Mwaka 1862 John McDouall Stuart alifanikiwa kuvuka bara kutoka kusini hadi pwani ya kaskazini, na njia yake ikawapa watawala wa Australia Kusini wazo kubwa. Kebo ya baharini ilikuwa inakuja Darwin kutoka Java. Ikipatikana telegrafu ya nchi kavu hadi Adelaide, koloni zote zingeweza kuzungumza na London kwa saa chache badala ya kungoja meli kwa miezi. Charles Todd alipewa kazi hiyo mwaka 1870. Ilihitaji waya wa karibu kilomita 3,200 na nguzo zipatazo 36,000 katika nchi ambayo Wazungu walikuwa hawajaipima. Kaskazini mchwa walizitafuna nguzo za mbao mpaka zikabadilishwa kwa za chuma.

Machi 1871 mpimaji William Mills, akitafuta njia ya waya kuvuka milima, alikuta dimbwi la maji katika mkondo wa mto. Akalidhania chemchemi, akaliita kwa jina la Alice, mke wa Todd. Mto nao ukaitwa Todd. Waarrernte walikuwa wakiyatumia maji hayo kwa vizazi visivyohesabika, na nchi yenyewe wakiiita Mparntwe. Kwao safu zile za milima ni kazi ya viwavi wa kale walioumba nchi, na kila kilima, mti na jiwe katika mji wa leo vina nafasi yake katika habari hiyo.

Waya uliunganishwa tarehe 22 Agosti 1872. Hiyo ilikuwa miaka saba kabla kebo ya telegrafu haijafika Unguja, mji wa biashara ambao tayari ulikuwa umejaa meli, mabalozi na majumba ya mawe. Katikati ya Australia kilikuwapo kituo cha mawe tu, chenye watu wachache waliopokea ishara zilizodhoofika na kuzirusha mbele. Habari za masoko na za vita zilipita pale usiku na mchana.

Mji wenyewe ulipimwa mwaka 1888, kilomita chache kusini ya kituo, ukaitwa Stuart. Mwaka uliotangulia watu walikuwa wameokota mawe mekundu waliyodhani ni yakuti, na dhahabu ilikuwa imeonekana Arltunga, upande wa mashariki. Mawe yale hayakuwa yakuti. Viwanja vilibaki vichaka, na kwa miaka karibu 40 Wazungu wa mji huo walibaki kuwa makumi tu.

Walioudumisha mji katika miaka hiyo walikuwa wenye ngamia. Reli kutoka kusini ilifika Oodnadatta mwaka 1891 ikaishia hapo, na kutoka hapo unga, chai, bati, piano na mashine vilibebwa kwa misafara kwa mwendo wa majuma. Wachunga ngamia hao waliitwa Waafghani wote kwa jumla, ingawa wengi walitoka Balochistan, Punjab na nchi nyingine zilizokuwa chini ya Waingereza. Mara nyingi waliishi pembeni ya miji, katika sehemu zilizotengwa kwa desturi na kwa ubaguzi. Mmoja wao, Charlie Sadadeen, ameacha jina lake kwa mtaa mzima wa Alice Springs, na treni ya kutoka Adelaide inaitwa The Ghan hadi leo. Lakini treni hiyohiyo ndiyo iliyoikata kazi yao. Ilipofika mjini Agosti 1929, misafara ikakosa mizigo, na ngamia wengi wakaachiwa nyikani ambako wajukuu wao wanazurura mpaka sasa.

Reli iliukuza mji, na mwaka 1933 jina la Alice Springs likawa rasmi. Hata hivyo mwaka mmoja kabla ya treni kufika, yaani 1928, serikali ilitangaza mji kuwa eneo la marufuku kwa Waaborijini, wenyeji wa asili. Aliyekuwa na kazi aliingia kwa kibali. Asiyekuwa nacho alitakiwa kukaa nje ya mipaka. Marufuku hiyo ilidumu hadi 1964. Ni miaka 36, muda wa kutosha mtoto kuzaliwa, kukua na kupata watoto wake mwenyewe bila haki ya kulala katika ardhi ya babu zake. Kituo cha telegrafu nacho, baada ya kazi yake kuhamishiwa mjini mwaka 1932, kikageuzwa kuwa bweni la watoto wa damu mchanganyiko, wengi wao wakiwa wametengwa na mama zao kwa amri ya serikali.

Hapa ndipo habari ya Albert Namatjira inapostahili kusimuliwa taratibu. Alizaliwa mwaka 1902 katika misheni ya Walutheri ya Hermannsburg, magharibi ya mji, akawa mchoraji maarufu kuliko Mwaborijini yeyote wa wakati wake. Rangi zake za maji zilionyesha milima ya zambarau na miti yenye magome meupe, na maonyesho yake katika miji mikubwa yaliuza picha zote. Mwaka 1954 alipelekwa Canberra kumwona Malkia. Alikuwa na fedha na alikuwa na jina, na akataka vitu ambavyo mtu yeyote mwenye fedha angevitaka. Aliomba kukodishiwa shamba la ng'ombe, akakataliwa. Mwaka 1951 alitafuta kiwanja mjini Alice Springs ili ajenge nyumba, akakataliwa pia, kwa kuwa sheria haikumruhusu mtu wa kabila lake kuishi humo.

Basi Namatjira akapiga kambi Morris Soak, pembezoni mwa mji, katika kibanda. Watu wenye picha zake ukutani walilala ndani ya nyumba; aliyezichora alilala kando ya korongo. Mwaka 1957 serikali ilimpa yeye na mkewe haki za uraia kamili, haki ambazo ndugu zao hawakuwa nazo, na mwaka uliofuata akahukumiwa kwa kosa la kumpatia pombe ndugu yake ambaye sheria haikumruhusu kunywa. Alifariki mwaka 1959. Katika habari zote za makazi ya mji huu, hii ndiyo inayoeleza kwa uwazi zaidi kwamba tatizo halikuanzia kwenye uhaba wa matofali.

Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha kuuonyesha mji kwamba ujenzi wa haraka unawezekana. Darwin ilipopigwa mabomu tarehe 19 Februari 1942, Alice Springs, mwisho wa reli, ukawa ghala na kambi ya jeshi. Askari wapatao 8,000 waliwekwa hapo, mara kadhaa ya idadi ya raia. Barabara ya kwenda kaskazini, iliyokuwa njia ya vumbi, ilitengenezwa na kutiwa lami kabla vita havijaisha. Upande wa kusini, ambako hapakuwa na adui, lami haikukamilika hadi 1987.

Baada ya vita idadi ya watu ilipanda kwa kasi. Utalii wa mwamba wa Uluru, ofisi za serikali na huduma za nyika nzima vilileta familia. Mwaka 1951 ilianzishwa shule ya hewani, iliyowafundisha watoto wa mashamba ya mbali kwa redio za madaktari wa ndege. Mwaka 1970 kituo cha Pine Gap, kinachoendeshwa na Marekani pamoja na Australia kwa kazi za ujasusi wa satelaiti, kilianza kazi kusini magharibi ya mji, na mamia ya wafanyakazi wake wakahitaji nyumba za mjini. Wakazi walikuwa karibu 11,000 mwaka 1971. Miaka kumi baadaye walikuwa karibu 18,000.

Wakati huohuo lilikuwa likija wimbi jingine ambalo mipango ya mji haikulihesabu. Mwaka 1966 iliamuliwa kwamba wachungaji wa Kiaborijini walipwe sawa na Wazungu kuanzia mwisho wa 1968. Uamuzi ulikuwa wa haki, lakini wenye mashamba wengi waliwafukuza wachungaji badala ya kuwalipa. Familia zilizoishi katika mashamba hayo kwa vizazi zilikuja mjini, zikakaa kando ya mto, chini ya vilima, popote penye kivuli. Zilijenga vibanda vya bati na maturubai, na maji zilichota mbali.

Zilipoomba bomba, jibu lilikuwa kwamba hazina hati ya ardhi. Sheria ya haki za ardhi ya mwaka 1976, iliyowarudishia Waaborijini sehemu kubwa za Jimbo la Kaskazini, ambamo mji huu umo, haikugusa ardhi iliyo ndani ya mipaka ya miji. Wakazi wa kambi wakajiunga, wakaunda Baraza la Tangentyere, lililosajiliwa mwaka 1979, wakadai hati kambi moja baada ya nyingine. Kwa miaka mingi walishindania vitu ambavyo mtaa mpya wa Wazungu ulivipata kabla mkazi wa kwanza hajahamia: bomba, taa za barabarani, ukusanyaji taka, anwani ya posta. Kambi zipatazo 18 zipo leo, na Morris Soak ni mojawapo.

Mipango mingine iligongana na nchi yenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1983 wajenzi wa barabara ya Barrett Drive walikata mkia wa kilima ambacho Waarrernte wanakijua kuwa kiwavi mtakatifu. Pasaka ya 1988 mto Todd ulifurika na watu watatu wakafa. Serikali ya jimbo ikataka bwawa la kuzuia mafuriko juu ya mji, mahali penye maeneo matakatifu ya wanawake. Mwaka 1992 waziri wa serikali kuu, Robert Tickner, alilizuia kwa miaka 20, na halikujengwa. Wengi mjini walikasirika. Lakini kuanzia hapo hakuna mpimaji aliyeweza kuchora mstari kwenye ramani bila kuuliza kwanza. Mwaka 2000 Mahakama ya Shirikisho ilitambua haki za asili za Waarrernte ndani ya mji wenyewe, na mtaa mpya wa Larapinta ulipatikana kwa mazungumzo, wenye nchi wakipata sehemu ya viwanja. Ilichukua muda, na nyumba zilijengwa.

Kwa zaidi ya muongo sasa idadi ya wakazi imesimama karibu na 25,000, mmoja kati ya watano akiwa Mwaborijini, pamoja na ndugu wanaokuja kutoka vijiji vya jangwani kwa hospitali, shule au mazishi na kulala kwa jamaa. Ndiyo maana nyumba ya vyumba vitatu kambini inaweza kubeba familia tatu. Choo na jiko vilivyokadiriwa kwa watu watano huharibika mapema, kisha anayelaumiwa ni mkazi.

Ardhi tambarare ya kujenga iko kusini ya mwanya, karibu na uwanja wa ndege, na huko ndiko mtaa wa Kilgariff unakopanuka. Maji ni suala zito zaidi. Tangu 1964 mji unakunywa kutoka visima virefu vya Roe Creek, maji ya kale yaliyokaa ndani ya mwamba kwa maelfu ya miaka, na kina kinashuka kwa sababu mvua hairudishi kinachovutwa. Maji hayataisha kesho, ila kuyapandisha kutazidi kuwa ghali. Jua ni tele, na mji ulianza mapema kuweka paneli juu ya mapaa, lakini tarehe 13 Oktoba 2019 wingu lilipita, umeme wa jua ukaporomoka ghafla, na mji mzima ukazimika. Katika sehemu iliyo mbali na gridi za majimbo mengine, hakuna jirani wa kuazima umeme.

Kambi nazo zina saa yake. Mwaka 2009 serikali kuu ilitoa fedha nyingi za kujenga upya nyumba na barabara za kambi, kwa sharti kwamba mashirika ya wakazi yaipangishe ardhi yao kwa miaka 40. Baraza lilisitasita, waziri akatishia kuitwaa ardhi kwa nguvu, na mwisho wa mwaka mikataba ikatiwa saini. Nyumba mpya zilijengwa, lami ikafika, na wakazi wakawa wapangaji wa serikali katika ardhi waliyoipigania kwa miongo. Mikataba hiyo inaisha mwaka 2049.

Watakaoketi mezani mwaka huo wako darasani sasa. Wanachodai wazee wao ni kwamba fedha za ukarabati, uteuzi wa mafundi na uamuzi wa nani anapata nyumba virudi mikononi mwa kambi zenyewe kabla ya tarehe hiyo, ili vijana hao wawe wameiendesha kazi hiyo kwa miaka wakati mkataba mpya utakapoandikwa.